Inchi Tatu: Historia ya Kukausha Mbao Nene za Msonobari, kutoka Rand hadi Mafinga

Ukifuata barabara ya Jan Smuts kutoka Braamfontein kuelekea kaskazini, utapita mitaa miwili ambayo majina yake yanataja msitu: Forest Town na Saxonwold. Msitu wenyewe haupo tena. Mwishoni mwa karne ya 19 kampuni ya Hermann Eckstein, mmoja wa matajiri wa dhahabu aliyetoka Ujerumani, ilipanda mamilioni ya miti pale, mingi ikiwa mikaratusi, na kuuita msitu huo Sachsenwald, kama msitu wa Bismarck karibu na Hamburg. Baadaye jina liligeuzwa likawa la Kiingereza. Sehemu moja ya ardhi hiyo ikawa bustani ya wanyama mwaka 1904, na nyingine zikajengwa nyumba. Lengo la kwanza lilikuwa kupata nguzo za migodi.

Tumeanza na msitu huo kwa sababu unaeleza jambo ambalo ni rahisi kulisahau. Johannesburg ni mji uliotumia miti mingi mno kabla ya kujifunza kuikausha. Dhahabu iligunduliwa Langlaagte mwaka 1886, na katika miaka michache mashimo yalikuwa yamekwenda chini kiasi kwamba mwamba ulihitaji kushikiliwa kwa magogo. Gogo la mgodini halina masharti mengi. Hewa ya huko chini ni ya joto na unyevu, na kazi ya gogo ni kusimama mpaka mwamba ulibane. Likipasuka kidogo au kupinda kidogo, hakuna anayelalamika. Kwa hiyo mteja mkubwa kuliko wote wa miti katika sehemu hii ya Afrika hakuwa na haja ya tanuri la kukaushia. Alitaka miti mingi, ya bei nafuu, na upesi.

Waliosimama chini ya magogo hayo hawakuwa watu wa hapa tu. Shirika la kuajiri vibarua wa migodi, ambalo wazee wetu walilijua kwa jina la Wenela, lilichukua vijana kutoka Msumbiji, Nyasaland, na pia kutoka Nyanda za Juu Kusini za Tanganyika, hasa Wanyakyusa wa Rungwe. Serikali ya Tanganyika ilisimamisha uajiri huo baada ya uhuru wa 1961. Tutarudi kwenye nyanda hizo baadaye, maana leo zimejaa misonobari.

Mteja wa pili alikuwa mjenzi wa nyumba, na huyu alikuwa na masharti. Ingia nyumba yoyote ya zamani Yeoville au Kensington, tazama sakafu. Mara nyingi utaona mbao ndefu zenye rangi nyekundu-kahawia ambazo kila dalali wa nyumba hapa huziita "Oregon pine", ingawa mti wenyewe si msonobari hata kidogo. Zilitoka pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Nyingine, nyeupe zaidi, zilitoka nchi za Baltiki. Yaani mji uliozungukwa na mikaratusi yake wenyewe uliezeka paa na kutandika sakafu kwa miti iliyovuka bahari. Mkaratusi ukikatwa mbao hupasuka na kujipinda vibaya sana, na msonobari wa hapa ulikuwa bado mchanga.

Msonobari nao ni mgeni. Kusini mwa Sahara hakuna msonobari wa asili. Ule unaotawala milima ya Mpumalanga, kuzunguka Sabie na Graskop, ni Pinus patula kutoka Meksiko. Hukua haraka, shina lake hunyooka, na majani yake ya sindano huning'inia kama nywele ndefu. Hukua haraka mno, na hapo ndipo shida ilipo, kama tutakavyoona.

Vita ya Pili ya Dunia ilipopunguza meli, mbao za ng'ambo ziliadimika na wajenzi wakalazimika kuutumia msonobari wa nyumbani. Sifa yake ilikuwa mbaya. Ulikuwa na vifundo, ulipata madoa ya bluu ya kuvu, na paa lililoonekana limenyooka siku ya kupigiliwa misumari lilikuwa limejisokota baada ya msimu mmoja. Watu walisema mti wa hapa ni mbaya. Sisi tunadhani waliulaumu mti kwa kosa la unyevu. Mwaka 1945 zilianzishwa taasisi mbili zilizobadilisha mambo kidogo kidogo, CSIR kwa upande wa utafiti na SABS kwa upande wa viwango, zote Pretoria. Kiwango cha mbao za msonobari kilipokuja kuandikwa, swali la ukavu liliandikwa ndani yake pamoja na vifundo na nyufa. Maana yake ni kwamba mbao yenye unyevu kupita kikomo si mbao ya ujenzi, hata ikiwa nzuri kwa macho.

Sasa tueleze unyevu wenyewe, kwa kuwa bila hilo historia hii haieleweki.

Mafundi hupima unyevu kwa kulinganisha uzito wa maji na uzito wa mti uliokauka kabisa. Kipande cha kilo 10 kikiwa na unyevu wa asilimia 100, basi kilo 5 ni mti na kilo 5 ni maji. Msonobari uliokatwa leo mara nyingi hupita hapo. Sehemu ya maji hayo imekaa tu ndani ya matundu ya seli, kama maji ndani ya mrija, na hutoka bila mti kubadilika umbo. Sehemu nyingine imejifunga ndani ya kuta za seli. Mpaka kati ya hali hizo mbili, karibu asilimia 30, ulielezwa na Mmarekani Harry Tiemann mwaka 1906. Juu ya mpaka huo mti haushtuki. Chini yake husinyaa, na husinyaa bila usawa: kufuata duara za shina husinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka moyoni kwenda kwenye gome. Mbao nyingi zilizopinda zimepinda kwa sababu ya tofauti hiyo, au kwa sababu upande mmoja umekauka kabla ya mwingine.

Tiemann huyohuyo alitengeneza tanuri lililodhibiti unyevu wa hewa, na mwaka 1917 akachapisha kitabu kuhusu kukausha mbao kwa tanuri. Wakati huo Marekani ilihitaji mbao za ndege za vita, na hapakuwa na muda wa kungoja upepo. Watu wengi hudhani tanuri ni jiko kubwa la kuoka mti. Ugunduzi wa zama za Tiemann ulikuwa karibu kinyume cha hayo: ndani ya tanuri zuri, mwanzoni, hewa ni ya moto na pia imejaa mvuke. Unaupasha mti moto ili maji ya ndani yatembee, lakini unaizuia ngozi yake isikauke mapema. Vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kingine kilichofungwa kitambaa chenye maji, humwambia fundi hewa ina kiu kiasi gani. Tofauti kati yao ikiwa ndogo, hewa imeshiba. Fundi huipanua tofauti hiyo taratibu, siku baada ya siku.

Mbao nyembamba husamehe makosa. Mbao nene haisamehi, na hesabu yake si ile ambayo mtu angekisia. Ukiongeza unene mara mbili, muda hauongezeki mara mbili tu. Maji yana njia ndefu zaidi ya kusafiri na msukumo wa kuyatoa ni mdogo zaidi, kwa hiyo muda unakaribia kuongezeka mara nne. Mafundi wa Ulaya wa zamani, waliokausha kwa hewa tu, walikuwa na kauli yao ya mwaka mmoja kwa kila inchi. Hata kauli hiyo iliwapendelea wenye mbao nene.

Tuseme tuna boriti ya inchi tatu, ambayo katika maduka ya hapa huandikwa milimita 76. Ngozi yake inakauka hadi asilimia 15 wakati moyo bado uko 60. Ngozi inataka kusinyaa, moyo haujaanza, kwa hiyo ngozi inavutwa kama nguo iliyombana mvaaji. Ikizidiwa, inapasuka, na nyufa hizo unaziona kwa macho. Isipopasuka, inakauka ikiwa imenyooshwa na kubaki hivyo. Kisha moyo unaanza kukauka na kusinyaa, lakini sasa ngozi imekwisha kuwa ngumu na haifuati. Hapo mvutano unageuka: moyo ndio unaovutwa, na unaweza kupasuka ndani kwa ndani bila nje kuonyesha kitu. Seremala ananunua boriti safi, anaipasua katikati kwa msumeno, na vipande viwili vinapinda kuelekeana mbele yake. Hakuna kosa alilofanya yeye. Kosa lilifanyika tanurini wiki kadhaa zilizopita. Dawa inayojulikana ni kurudisha mvuke mwishoni, ili ngozi ilainike na kuachia mvutano, lakini hatua hiyo hula muda na kuni, na ndiyo ya kwanza kurukwa kiwanda kikiwa na haraka.

Viwanda vya msonobari vilikuwa na haraka. New Zealand, nchi nyingine iliyopanda misonobari ya kigeni kwa wingi, ilionyesha katika nusu ya pili ya karne ya 20 kwamba mbao za milimita 50 zinaweza kukaushwa kwa nyuzijoto 120 katika siku moja hivi, ambapo kwa nyuzijoto 70 zingechukua siku kadhaa. Msonobari unaruhusu jambo hilo kwa kuwa maji hupita ndani yake kwa urahisi. Ukiufanyia hivyo mkaratusi utatoa kuni. Juu ya rundo waliweka mazege mazito ili mbao zisijisokote. Mti uliokua haraka una tatizo hili: karibu na moyo nyuzi zake hupanda kwa mzunguko kama kamba iliyosokotwa, na ukikauka kamba hiyo hujifungua. Ukiushikilia chini ya uzito wakati bado ni moto, hupoa ukiwa umenyooka. Njia hizi zilijulikana na kutumika Afrika Kusini pia.

Jambo dogo la jiografia hapa: Johannesburg iko karibu mita 1,750 juu ya bahari, na maji huchemka kwa nyuzijoto 94 au 95. Ratiba iliyoandikwa usawa wa bahari haiwezi kuhamishwa hapa bila kubadilishwa, kwa sababu kipimajoto chenye kitambaa hakiwezi kupita kiwango hicho. Mafinga, Tanzania, nako ni juu namna hiyo.

Lakini mbio hizo zilisaidia mbao nyembamba. Inchi tatu ilibaki palepale. Wajenzi walipata njia ya kuizunguka. Mwaka 1955 huko Florida, John Calvin Jureit alibuni sahani ya chuma yenye meno ambayo hugandamizwa kwenye maungio ya kenchi. Kenchi ikaweza kutengenezwa kwa vipande vyembamba badala ya boriti nzito. Tazama paa lolote linalojengwa leo Soweto au Midrand: kenchi ni milimita 38 kwa 114, zimeunganishwa kwa sahani hizo. Hatujapata mahali palipoandikwa kwamba 38 ilichaguliwa kwa ajili ya tanuri, na sababu za nguvu na bei zipo pia. Hata hivyo, kwa maoni yetu, unene huo ni mapatano kati ya mhandisi na mkaushaji. Njia nyingine ya kuzunguka ni kukausha mbao nyembamba kisha kuzigandisha kwa gundi mpaka ziwe boriti. Nzuri, lakini inahitaji kiwanda kikubwa na gundi ya gharama.

Waliokataa kuzunguka ni Wajapani. Nyumba yao ya jadi husimama juu ya nguzo za mraba za mti laini uitwao sugi, na kila nguzo ina moyo wa mti ndani yake, jambo linaloifanya karibu lazima ipasuke. Zamani waliikata mfereji upande mmoja kwa makusudi, ili ufa utokee mahali wanapotaka na uelekezwe ukutani. Baada ya tetemeko la Kobe la 1995, na sheria ya ubora wa nyumba iliyoanza kazi mwaka 2000, mahitaji ya nguzo kavu yaliongezeka sana. Watafiti wao wakaenda njia inayoshangaza. Kwanza hupika nguzo kwa mvuke wa karibu nyuzijoto 95 kwa saa kadhaa. Halafu, ghafla, hupandisha hewa kavu ya nyuzijoto 120 kwa muda wa chini ya siku moja au unaoikaribia. Kisha hushusha na kuendelea polepole kwa siku nyingi.

Ukisoma aya yetu ya boriti utasema hili ni kosa lilelile la kukausha ngozi mapema. Ndiyo, ila limefanywa kwa makusudi na kwa kipimo. Mti uliopikwa huwa laini, kwa hiyo ngozi inanyooka bila kupasuka, na inaganda ikiwa imenyooka. Baadaye moyo unaposinyaa, unaibana ngozi, na ngozi inayobanwa haipasuki. Wakizidisha saa chache, ufa huhamia ndani. Kati ya yote tuliyosoma kwa ajili ya makala hii, hapa ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi, kwa sababu kasoro ileile iliyoharibu boriti imefanywa chombo cha kazi.

Turudi Nyanda za Juu Kusini. Majaribio ya kupanda misonobari Sao Hill, wilaya ya Mufindi, yalianza mwaka 1939, na upandaji mkubwa ulifuata baada ya uhuru. Leo shamba hilo la serikali ndilo kubwa kuliko yote Tanzania, na mti mkuu ni Pinus patula uleule wa Sabie. Tangu miaka ya 2000 wakulima wadogo wa Mufindi, Kilolo, Njombe na Makete nao wamepanda kwa wingi, na mpango wa Panda Miti Kibiashara, uliosaidiwa na Ufini kuanzia 2014, uliwafundisha mbegu bora na upunguzaji wa miti. Wajukuu wa watu wa Wenela sasa wana msitu wao.

Mbao zao hukatwa zaidi kwa mashine ndogo za kuhamishika ziitwazo ding dong. Msumeno ni mnene na hula mti mwingi kuwa vumbi, unene wa mbao hauko sawa toka ncha hadi ncha, na mbao hupakiwa kwenye lori zikiwa mbichi. Zinakauka safarini, au dukani Dar es Salaam, au paani juu ya kichwa cha mwenye nyumba. Viwanda vyenye matanuri vipo, lakini ni vichache ukilinganisha na ding dong. Mbao isiyo na unene sawa hata ukiipeleka tanurini haikauki vizuri: kijiti cha kutenganisha hakiigusi, mzigo wa juu hauishikilii, inajisokota. Ndiyo maana hatukubaliani na wanaosema dawa ya Mafinga ni kuleta matanuri. Dawa huanzia kwenye msumeno. Baada ya hapo, kivuli, vijiti vilivyonyooka na kupangwa kimoja juu ya kingine, zege juu ya rundo, na rangi nene kwenye ncha za mbao vingefanya kazi kubwa kabla hata senti moja haijatumika kwenye boila.

Upande wa hapa nao si wa kujivunia sana. Tanuri huwashwa kwa magome na vumbi la kiwanda chenyewe, ila feni zake hutaka umeme. Mwaka 2023, ambao ulikuwa mbaya kuliko yote kwa kukatika kwa umeme, kila saa ambayo feni zilisimama ilikuwa saa ambayo rundo lilikauka upande mmoja. Mwenye jenereta aliendelea. Aliye mdogo aliuza mbao kama zilivyokuwa.

Na wanaonunua mbao kama zilivyo ni watu tunaowafahamu. Baadhi ya wazazi wetu, kutoka Mbeya, Mombasa, Bukavu na Lubumbashi, wanatengeneza vitanda na milango katika karakana za nyuma ya nyumba, Rosettenville na Bertrams. Hawawezi kungoja mwaka kwa kila inchi, na mteja anayerudi na mlango usiofunga hataki kusikia habari za seli. Tulipowauliza wanaitaje haya mambo, kila mmoja alikuwa na lake. Mbao mbichi wote wanaijua. Tanuri, mmoja aliliita joko, mwingine tanuu, kama lile la chokaa la pwani. Kwa ile hali ya ngozi kukauka kabla ya moyo hakuna aliyekuwa na neno, ila wote waliitambua mara moja tulipoieleza. Seremala mmoja wa Bukavu alisema tu, "Hiyo mbao ina hasira."

Alitufundisha pia namna ya kuipima, na vitabu vinamuunga mkono. Tulinunua kipande cha milimita 76 kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi, kilichopigwa muhuri kuwa kimekaushwa kwa tanuri. Mbali na ncha, tukakata kipande chembamba cha kukingama, kisha tukakitoa katikati yake tukabakisha meno mawili ya nje, kama uma. Meno yakibaki yamenyooka, mbao imetulia. Yakielekeana, hasira bado imo. Tulikiacha juu ya meza jioni, na asubuhi ncha zilikuwa zimegusana. Kipo kwenye rafu ya klabu, karibu na kamusi ya TUKI, na mwenye kutaka kukiona aje Alhamisi.